Raba ya Gurudumu la Kushoto

Paa la banda lilianza kuanguka upande wa nyuma, bati moja wiki hii, bati jingine wiki ijayo, mpaka mvua ikawa inaingia bila hodi na kupiga boneti la gari lililolala mle ndani miaka kumi na tisa. Mwenye banda, karani mstaafu wa posta, hakuwepo. Alikuwa amekwenda na mkewe hospitali ya mbali kutolewa mtoto wa jicho. Nyumba alikuwa ameachiwa binti yao, fundi cherehani, na yule binti si mtu wa kukaa akitazama kitu kinaharibika. Aliita majirani wanne, wakashika gari huku na huku, wakasukuma mpaka mishipa ya shingo ikawasimama. Gari halikujongea hata upana wa kidole.

"Hili limeota mizizi," jirani mmoja akasema, akajifuta mikono kwenye suruali, akaenda zake.

Ndipo binti akamwendea baba yake mdogo.

Baba mdogo huyo alikuwa fundi wa breki, na watu walimwita Vidole. Jina hilo hakulipata kwa udokozi. Alilipata kwa sababu alifunga breki bila kuangalia. Mikono iko ndani ya gurudumu, uso uko kwenye benchi la gereji ambako anasimulia jambo, na vidole vyenyewe vinajua springi inakaa wapi na raba inaingia vipi. "Macho ni ya kutazamia chakula na wanawake," alikuwa akisema ujanani. Alipozeeka alisema ni ya chakula tu.

Alikuwa akichechemea mguu wa kulia, na kuhusu mguu huo alikuwa na hadithi moja ambayo hakuna aliyeketi kwenye lile benchi asiijue. Miaka kumi na tisa nyuma alilifanyia gari la kaka yake breki mpya magurudumu yote manne. Kesho yake asubuhi wakatoka pamoja, kaka akiendesha, yeye kando yake. Kwenye mteremko wa ghala gari halikusimama, likaenda kuubusu ukuta. Kaka akatoka na mkwaruzo kwenye paji la uso. Goti la Vidole likavunjika mara mbili. Siku ya kwanza kaka alisema pedeli ilizama mpaka chini. Baada ya wiki moja akaja hospitali, akasimama miguuni pa kitanda na kofia mkononi, akasema, "Si breki. Ni mimi nilichelewa kukanyaga. Nisamehe, mdogo wangu." Gari lilikuwa limekwisha vutwa na kutiwa bandani, na kaka mtu hakushika tena usukani wa gari lolote.

Sasa, ukiwa fundi wa breki na mtu amekiri hivyo, utafanya nini? Vidole alisamehe kwa mdomo, kisha akaigeuza hadithi. "Kaka yangu akiona ukuta, anaupigia honi uhame." Aliisimulia benchini. Aliisimulia harusini. Aliisimulia hata siku binti wa kaka alipofungua duka lake la kushonea, watu wamekaa na sahani mapajani. Wote wakacheka, na kaka naye alitabasamu huku akiangalia chakula chake. Wateja walizidi kumwamini fundi. Kazi yake haikuwa na kasoro, kasoro ilikuwa ya dereva, na dereva kasema kwa kinywa chake.

"Baba mdogo," binti akamwambia siku hiyo, "lile gari halizunguki hata gurudumu moja, na paa linaliangukia."

"Baba yako anasemaje?"

"Nimempigia simu. Kasema tulisukume tu, lisifunguliwe."

"Lisukumwe," Vidole akarudia, na tumbo likamtikisika kwa kicheko. "Karani huyo. Gari si barua, mwanangu, kwamba utaisukuma chini ya mlango. Nikusanyie matambara. Nakuja na jeki."

Kitu cha kwanza alichokiona alipofungua mlango wa gari kilikuwa handibreki, imevutwa juu mpaka mwisho wake.

"Umeona? Ukilaza gari muda mrefu, handibreki inashushwa. Unatia gogo nyuma ya gurudumu, basi. Ukiiacha juu, viatu vya breki vinaikumbatia ngoma ya gurudumu kwa ndani, unyevu unaingia, kutu inafunga ndoa. Baba yako kazi aliyoiweza ni kupiga mihuri."

"Mwache baba yangu na mihuri yake. Tunaanzia wapi?"

Walianzia nyuma. Vidole alishusha handibreki, lakini waya zilibaki zimelegea tu kama kamba ya kuanikia nguo, magurudumu hayana habari. Akalala chini ya gari juu ya gunia, akalegeza waya kwenye maungio, akarudisha nyuma kile kirekebishio kinachosogeza viatu karibu na ngoma. Kisha akanyunyiza mafuta ya kulegeza kutu kila penye mwanya, akasema waende zao mpaka kesho.

"Ndiyo kazi yote hiyo ya leo?"

"Kutu ya miaka kumi na tisa unataka ikutii kwa nusu saa? Hata wewe mwanao humwamshi kwa kumvuta mguu."

Asubuhi iliyofuata alichukua kipande cha mti mgumu, akakiweka ubavuni mwa ngoma, akagonga kwa nyundo, akazunguka kidogo, akagonga tena. Alimpa binti naye agonge. "Usigonge kwa hasira. Ngoma ni chuma cha kuyeyusha, ukiikasirikia inapasuka. Sikiliza tu sauti." Kwanza mlio ulikuwa mzito, kama unagonga gunia la mchanga. Baada ya muda mrefu na majina machafu mawili matatu ambayo binti alijifanya hakuyasikia, mlio ukabadilika, ukawa wazi. Vidole akashika ngoma kwa mikono miwili, akaitikisa kama anayelegeza jino la mtoto, ikatoka. Ndani yake vipande vya viatu vilikuwa vimebaki vimeng'ang'ania kama ukoko kwenye sufuria.

Binti alikuwa na utaratibu wake. Hakutaka vitu vichanganyikane, basi akatandika kila gurudumu kitambaa chake, akaandika kwa chaki ya kushonea: nyuma kulia, nyuma kushoto, mbele kulia, mbele kushoto. Kila kilichotoka alikilaza pale kwa namna kilivyotoka, kama anavyolaza vipande vya koti kabla ya kuviunga.

"Unanichekesha," Vidole akasema. "Mimi natia vyote kwenye ndoo moja, na mikono inachagua."

"Mimi si Vidole. Mimi nina macho mawili na kitambaa."

Siku ya pili walimaliza nyuma kwote, siku ya tatu wakamaliza mbele kulia. Siku ya nne wakafika gurudumu la mbele kushoto, na hapo Vidole akapiga magoti, akafungua kifuniko cha katikati, akatulia.

Kila ngoma ya mbele ya gari lile inazuiwa na nati yenye meno kama taji, na nati inazuiwa na pini ya miguu miwili inayopenya katikati yake. Ukishapitisha pini, unakunja miguu isitoke. Kila fundi ana mkunjo wake, nao ni kama mwandiko. Vidole hukata mguu mmoja ukawa mfupi, na mwingine akaupandisha juu ya nati. Gurudumu la mbele kulia walilokwisha fungua lilikuwa hivyo. Lakini hii pini iliyo mbele yake, miguu yote miwili ilikuwa mirefu, imezungushwa kwa unadhifu mmoja huku na mmoja kule mpaka ncha zikakutana, kama mtu anayefunga kifurushi kwa uzi.

"Kuna nini?" binti akauliza.

"Hakuna kitu. Nipe koleo."

Ngoma ile iliwatesa saa tatu nzima. Ilipotoka, viatu vyake vilikuwa vyeusi, vimelowa zamani na kukauka, tofauti kabisa na vya magurudumu mengine. Silinda ndogo ya gurudumu, ile yenye pistoni mbili zinazosukuma viatu, ilikuwa imeshikana kuwa kipande kimoja. Vidole akaifungua, akaibana kwenye jiliwa, akaunga bomba la grisi kwenye tundu la mafuta na kuanza kupampu. Ndiyo njia ya kuitoa pistoni iliyoganda. Grisi haina haraka, inasukuma polepole mpaka chuma kinakubali.

Pistoni ya upande mmoja ikatoka, na raba yake nyuma yake. Akaziba upande huo, akapampu tena. Ya pili ikagoma. Badala ya kuisukuma, grisi ikaanza kuchuruzika pembeni mwake.

Vidole akaacha kupampu. Miaka arobaini ya kazi, na jambo hili alikuwa analijua vizuri kuliko jina la babu yake. Raba ya breki ina umbo la kikombe. Mdomo wa kikombe unatazama mafuta, na mafuta yakisukuma, mdomo unatanuka na kuziba. Grisi haipiti penye raba iliyokaa sawa.

Aliipasha silinda moto, akaigonga kwa kijiti kutoka upande wa pili, pistoni ikatoka na raba ikaangukia kiganjani mwa binti. Binti akaenda kuilaza kwenye kitambaa. Akainama, akatazama ya kwanza, akatazama ya pili.

"Baba mdogo, hii niilaze ikitazama wapi? Mwenzake alitoka mdomo ndani. Hii imetoka imegeuza mgongo."

"Kutu imeigeuza."

"Kutu inaweza kugeuza?"

"Kutu inaweza mengi," Vidole akasema, na mkono wake ukaichukua ile raba, ukaitia kwenye mfuko wa shati. Kisha akasema goti linamsumbua, akaenda kukaa kwenye ngazi ya jikoni.

Pale kwenye ngazi aliikumbuka siku ile yote, kitu ambacho alikuwa hajakifanya kwa miaka mingi, kwa kuwa ukishakuwa na hadithi huhitaji kumbukumbu. Alikumbuka kwamba gurudumu la mbele kushoto lilikuwa la mwisho. Benchi lilikuwa limejaa, na yeye alikuwa akisimulia habari ya mteja mmoja na mkwe wake, uso wote uko kwa wasikilizaji, vidole viko kazini. Alikumbuka walivyocheka. Alikumbuka pia kwamba alipomaliza na kukanyaga pedeli, ilikuwa laini kidogo. Laini kidogo tu. Akasema itakaa sawa yenyewe.

Kisha akaikumbuka ile pini.

Alirudi bandani. Binti alikuwa anasugua ngoma kwa msasa.

"Mwanangu, baada ya ile ajali, baba yako aliwahi kuligusa gari hili?"

"Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nakumbuka Jumapili moja alijifungia humu tangu asubuhi, mama akamwita kula mara tatu. Alitoka mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Mama akamwuliza ulikuwa unafanya nini, akasema alikuwa anatafuta kitu. Akafunga kufuli."

"Jumapili ipi?"

"Wewe ulikuwa bado hospitali. Kesho yake alikuja kukuona." Binti akaacha kusugua. "Kwa nini?"

"Endelea na kazi."

Siku mbili Vidole alifanya kazi bila kusema. Alisugua ndani ya silinda mpaka zikang'aa kama kijiko. Alipeleka ngoma kwa mchonga vyuma zikanyooshwe. Alinunua raba mpya zote, akazifunga moja moja akiwa ameinamisha kichwa na miwani puani, na kila aliyoifunga aliifungua tena kuhakikisha. Benchini kwake, fundi rangi ambaye amekaa naye miaka kumi na mitano akamwambia, "Kuna dereva mgeni hapa, hebu msimulie ile ya kaka yako na ukuta." Vidole akasema koo linamuwasha.

Ile raba kuukuu ilikuwa mfukoni. Angeweza kuitupa. Kuna mfereji mbele ya gereji, kitu kidogo kama kifuniko cha chupa, hakuna ambaye angejua. Mara mbili alisimama juu ya mfereji. Lakini aliyejua alikuwepo, na alikuwa amejua miaka kumi na tisa, na alikuwa amekaa na sahani mapajani akitabasamu.

Kaka alirudi siku ya Jumamosi, jicho moja limefunikwa, mkewe akimshika mkono kama bibi harusi. Alisikia harufu ya mafuta kabla ya kufika mlangoni.

"Mmelifungua," akasema.

"Paa lilikuwa linaanguka, baba," binti akajibu.

"Nilisema lisukumwe."

"Shikamoo, kaka," Vidole akasema.

"Marahaba." Kaka akamtazama kwa lile jicho moja, akamtazama usoni, kisha mfukoni, kana kwamba amejua kilipo. "Mwanangu, nenda ukamsaidie mama yako mizigo."

Walibaki wawili kwenye kibaraza. Vidole akaitoa raba, akaiweka juu ya meza ndogo, kati ya kopo la sukari na redio.

"Kumbe uliiacha vilevile," Vidole akasema.

"Haikuwa yangu. Ukifungua kifurushi kwa makosa, unakifunga kama ulivyokikuta. Ndivyo nilivyofundishwa kazi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie wakati gani? Ulikuwa umelala mguu umening'inizwa kwenye kamba. Una mke mjamzito na watoto wawili, na kazi yako ni breki, huna nyingine. Nani angekuletea gari tena? Mimi nilikuwa karani. Karani akiambiwa ni dereva mbaya, kesho anaamka bado ni karani."

"Ungeniambia baadaye."

"Baadaye ulikwisha anza kuisimulia." Kaka akaichezea raba kwa kidole. "Mwaka wa kwanza iliniuma, sikufichi. Nilitaka kukupiga kofi kwenye harusi ya shemeji yako. Baadaye nikaizoea kama kiatu kinachobana. Sasa sikiliza. Itupe hiyo. Tumezeeka, watu wamecheka, wamesahau."

"Hawajasahau. Wiki hii tu wameniomba tena."

"Basi wasimulie uchekeshe watu, ufe salama."

Vidole akainamisha kichwa. Machozi hayakumtoka, lakini pua ilimjaa, akaipenga kwenye tambara la gereji, likamwachia alama nyeusi juu ya mdomo. Kaka akaiona alama ile.

"Jumatatu saa nne," Vidole akasema, "utakuja kunywa chai benchini kwangu."

"Siji."

"Utakuja, kaka. Sijawahi kukuomba kitu."

"Umewahi. Umeniomba vingi. Vingine hujarudisha."

Lakini Jumatatu alikuja, binti akimwongoza, maana jicho bado lilikuwa limefungwa, na binti mwenyewe alitaka kuona mambo yanakwendaje. Benchi lilikuwa na fundi rangi, fundi betri, na dereva wa gari la mikate ambaye gari lake lilikuwa juu ya jeki, breki za nyuma zimefunguliwa. Fundi rangi alipomwona mgeni akasogea kumpa nafasi.

"Karibu, mzee. Ukuta huu hapa mbele umeuona? Usije ukaupigia honi."

Wakacheka. Vidole akasimama mbele yao, raba kiganjani, na kwa mara ya kwanza akaisimulia ile habari kama ilivyokuwa. Hakuipamba. Alisema ni gurudumu gani, na alikuwa anatazama wapi alipolifunga, na walikuwa wanacheka nini. Alisema pedeli ilikuwa laini na yeye alijua kuwa ni laini. Alisema nani alifungua, na nani alinyamaza. Aliipitisha raba mkono kwa mkono, akawaonyesha kwenye silinda mpya jinsi ilivyotakiwa kukaa na jinsi alivyoikalisha.

Hakuna aliyecheka. Chai ikapoa. Fundi betri akasema polepole, "Nyani haoni..." akaacha methali njiani, kwa kuwa wote walijua inakoishia.

Dereva wa gari la mikate akaweka kikombe chini. "Sasa mzee, gari langu umelifunga ukitazama wapi?"

"Bado sijalifunga. Lakini mwezi wa sita nililifunga mbele, na sikumbuki nilikuwa natazama wapi."

"Basi nirudishie magurudumu, livutwe kwingine. Usinielewe vibaya. Nina watoto."

"Nimekuelewa," Vidole akasema, na akamrudishia magurudumu mwenyewe, akachuchumaa na goti lake bovu, wakati wenzake wanaangalia ardhi.

Njiani kurudi, Vidole akiwafuata nyuma, kaka alikuwa amekasirika kweli. Alitembea mbele ya binti mpaka akakaribia kujikwaa.

"Miaka kumi na tisa," akasema bila kugeuka. "Nimeibeba kama yai. Na wewe unaimwaga asubuhi moja mbele ya wauza mikate. Unadhani nilikuwa nabeba nini? Unadhani ilikuwa nyepesi?"

"Najua haikuwa nyepesi."

"Hujui. Umepoteza mteja leo. Kesho watakuwa watatu. Nilikaa kimya ili nini?"

Vidole alikuwa anahema, anajitahidi kwenda sawa naye. "Kaka, ulinipa miaka kumi na tisa ya wateja. Nakushukuru. Lakini uliilipia kwa jina lako, na mimi nilikuwa nalichana kila siku ya sherehe. Leo ilikuwa zamu yangu kulipa."

Kaka akazidisha mwendo. Siku tatu alikuwa bado na hasira. Wateja waliondoka si watatu, bali watano. Mmoja wao akarudi, mama mwenye pikapu ya maziwa, akasema atamletea kazi kwa sharti moja: silinda na ngoma zisifungwe mpaka yeye mwenyewe aje azione raba zimekaa vipi. Vidole akasema hilo si sharti, ni akili. Tangu siku hiyo hakufunga ngoma ya mtu kabla mwenyewe hajaja kutazama, na wengine waliona ni usumbufu, na wengine walipenda. Kwenye benchi maneno yalipungua. Mtu akianza kusimulia jambo wakati Vidole yuko kazini, Vidole alimwambia, "Subiri nimalize, nisije nikakusikiliza."

Gari la bandani nalo lilibaki na kazi moja, na hiyo haifanyiki na mtu mmoja. Ukishafunga breki mpya, mfumo umejaa upepo, lazima utolewe. Mmoja anakaa kwenye kiti cha dereva na kukanyaga pedeli, mwingine yuko chini kwenye gurudumu, anafungua kinati kidogo upepo utoke na mafuta, anakifunga kabla mguu haujaachia. Wasipoelewana, upepo unarudi ndani na kazi ni bure. Binti alisema atakanyaga yeye. Alikuwa amekwisha ingia ndani aliposikia bakora ikigonga sakafu.

"Toka hapo," baba yake akasema. "Kukanyaga hakuhitaji macho."

Aliingia kwenye kiti ambacho hakukikalia tangu siku ya ukuta. Akakaa muda mrefu kabla ya kunyoosha mguu. Vidole alilala kwenye gunia, upande wa gurudumu la mbali kabisa, na bomba dogo la plastiki likaingia kwenye chupa.

"Kanyaga, kaka."

"Nimekanyaga."

"Shikilia." Mapovu yakatoka kwenye chupa. "Nimefunga. Achia."

"Nimeachia."

"Kanyaga."

Waliendelea hivyo karibu saa nzima, gurudumu hadi gurudumu, sauti mbili na hakuna la zaidi. Binti alikuwa anajaza mafuta kwenye kopo la masta silinda na kusikiliza. Kati ya gurudumu la pili na la tatu, sauti ya juu ikasema, "Ile harusi ya shemeji yako, kofi nilikuwa nimelitayarisha kabisa," na ya chini ikasema, "Ningelirudisha," na ya juu ikasema, "Ungeanguka, una mguu mmoja." Kisha wakaendelea.

Walimalizia mbele kushoto. Mapovu yalikwisha, yakabaki mafuta safi tu. Vidole akakaza kinati, akafuta, akasubiri kuona kama patatoka unyevu, akafuta tena.

"Kanyaga sasa, kaka, kwa nguvu zako zote. Inakuwaje?"

Kiti kikalia.

"Ngumu," kaka akasema. "Imesimama juu. Kama jiwe."

"Basi tumemaliza."

"Hatujamaliza. Rudia hilo la kushoto."

"Kaka, hakuna upepo hata chembe. Nimetazama."

"Najua umetazama. Rudia, nami nitazame."

Mlango wa gari ukafunguka, bakora ikatangulia, na yule mzee mwenye jicho moja akashuka polepole, akapiga goti kwenye gunia kando ya mdogo wake, akasogeza uso karibu na gurudumu. Akamwita binti yake aje akanyage.